Fundo Lisilokaguliwa

Jumanne asubuhi Delfina Razeto aliingia dukani kwa Colomba mwoka mikate, akanunua kipande cha mkate wa bapa wenye vitunguu na mafuta ya zeituni kama kila siku, akaking'ata mara moja, na hakikushuka. Kilisimama mdomoni kama mgeni aliyekosea mlango. Akakihamishia upande wa pili wa mdomo. Wapi.

"We Delfina, mkate wangu umekukosea nini?" Colomba akamuuliza, mikono kiunoni, unga hadi kwenye nyusi. "Miaka yote unaumaliza kabla hujafika mlangoni, leo unautafuna kama mbuzi aliyepewa soksi?"

"Sina njaa."

"Huna njaa, unanunua wa nini? Au umetumwa na wale wa Rivasecca uje uniharibie jina siku mbili kabla ya wachaguzi?"

Wateja wakacheka. Delfina naye akacheka, maana mtu mwenye hofu ni heri acheke kuliko aulizwe.

Wachaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Gazeti moja la wasafiri huko Milano lilitaka kuwatajia wasomaji wake kijiji kimoja tu, kidogo, cha bandari, chenye rangi, wakitembelee kiangazi hicho. Orodha ilikuwa imebaki na vitatu: Calapiana, yaani kwetu, Rivasecca, ng'ambo ya rasi, ambako Mungu aliumba watu baada ya kuishiwa udongo mzuri, na kijiji kingine mbali huko magharibi ambacho hakuna aliyejisumbua kushika jina lake. Rivasecca walishawahi kutajwa na gazeti jingine, na tangu hapo mwoka mikate wao ana tanuri la pili na hamsalimii Colomba. Kwa hiyo lisichukuliwe kuwa jambo la urembo tu.

Uso wa Calapiana ni safu ya nyumba ndefu zilizobanana gatini, za waridi, za rangi ya kutu, za rangi ya embe bivu. Katikati inasimama nyumba ya kina Olivari, ghorofa tano, njano kama kiini cha yai, ya kwanza kuonekana ukitokea baharini. Ina madirisha kumi na nane. Saba yanafunguka. Kumi na moja ni rangi tupu: mbao za kijani, kizingiti cha jiwe, kivuli chini ya kizingiti, pazia, vyote vimechorwa ukutani kwa brashi, kwa sababu babu zetu walipenda kuonekana na madirisha mengi lakini baridi hawakuipenda. Kuyachora ilikuwa kazi ya baba yake Delfina, na sasa ilikuwa kazi yake yeye, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye mabega ya mpiga makasia.

Dhoruba ya Februari ilikuwa imebandua dirisha la uongo la ghorofa ya nne. Likabaki kama jicho lenye mtoto wa jicho, likiikodolea bahari, na picha za wachaguzi zingepigwa kutoka baharini. Lazima lichorwe upya kabla ya Alhamisi. Urefu haukumtisha Delfina. Alikuwa amening'inia kwenye kuta hizo miaka thelathini na mitatu. Kilichomziba koo kilikuwa fundo.

Calapiana mchoraji hajifungi kamba. Mwenye nyumba ndiye anayepanda darini, anafunga kamba kwenye boriti, anaitoa nje kwa kidirisha cha dari, kisha anatoa kichwa hapohapo na kupaza sauti: "Nyumba imekushika!" Mchoraji aliye chini anajibu: "Nami naiamini nyumba," anakalia ubao wake, anajivuta juu kwa kapi. Hapandi ngazi kwenda kukagua fundo. Kulikagua ni kumwambia mwenye nyumba kwamba yeye na waliomzaa ni waongo. Aliwahi kuja mchoraji kutoka Genova akapanda kukagua fundo la mjane mmoja. Hakutukanwa, la, ila tangu siku hiyo kahawa yake ililetwa imepoa, kila mahali, mpaka akahama. Mkanda wa usalama Delfina anao, wa kisasa, wenye vyuma vinavyong'aa. Lakini nao hushikizwa kwenye kamba ileile, boriti ileile, fundo lilelile. Ni kuvaa kofia mbili wakati mvua inatokea chini.

Na mwenye nyumba ya Olivari alikuwa Mzee Baciccia.

Jana yake, Jumatatu alfajiri, Delfina alikuwa amemwona anafunga mashua yake kwenye pete ya gati. Baciccia ana miaka themanini na mitatu, amezunguka dunia kwa meli, nusu ya kijiji imejifunza mafundo magotini pake. Alishika kamba, akaipitisha kwenye pete, na mikono ikasimama. Ikasimama tu. Akaitazama kamba kama mtu aliyekutana na sura anayoijua na jina limempotea. Delfina, aliyekuwa amesimama nyuma ya nyavu zilizoanikwa, alihesabu pumzi zake mwenyewe: kumi, kumi na tano, ishirini. Kisha mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaizungusha kamba ovyo kama anafunga mzigo wa kuni, akaondoka akipiga mluzi. Kufika adhuhuri mashua ilikuwa katikati ya bandari peke yake, inazunguka kama mlevi anayetafuta kwao. Watu walicheka wakausingizia upepo. Siku ile upepo usingezima kiberiti.

Tangu hapo mkate ukawa haushuki.

Kutoka kwa Colomba alikwenda moja kwa moja kumtafuta Ornella, meya wetu, akamkuta kwenye ngazi za ofisi anawaelekeza watu pa kuweka vyungu vya maua.

"Jukwaa la mabomba la kuchoria?" Ornella alimkazia macho. "Delfina, mpenzi, gati letu lina upana wa meza mbili. Wachaguzi watapita wapi, vichwani mwetu?"

"Lingesimama kidogo tu."

"Siku ya kulipanga, siku ya kuchora, siku ya kulibomoa. Alhamisi ni keshokutwa. Tena tangu lini wewe ukataka jukwaa? Umeanza uzee?"

"Uzee wangu uko wapi?"

"Basi kuna nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilimpasa Delfina aseme sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa kwamba Baciccia amesahau, na neno kama hilo ukilitoa Calapiana asubuhi, saa sita limeshawafikia hata paka wa bandarini. Kesho yake hakuna atakayemwomba mzee amfungie hata kiatu. Mkewe alishafariki, alichobaki nacho ni kuombwa.

"Hakuna kitu," akasema.

Alasiri akapanda kwa mzee mwenyewe, ghorofa ya pili. Baciccia alimfungulia, akamwambia akae, akageukia jiko kutia kahawa. Juu ya meza lilikuwa limetandazwa gazeti, na chini ya gazeti vilichungulia vipande vya kamba, vingi, kama mikia ya panya. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na fundo. Delfina akayaondoa macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavua nguo.

"Mjomba," alianza, "ngazi za darini ni nyingi. Na magoti yako hayo..."

"Magoti yangu yamekuja kukulalamikia?"

"Hapana, nasema tu. Labda mtu mwingine apande kwa niaba yako."

"Mtu mwingine." Mzee aliweka vikombe mezani, juu ya gazeti, kimoja huku, kimoja huku, kama mawe ya kuzuia lisipeperuke. "Nyumba hii ina mtu mwingine? Nimfunge baba yako miaka ishirini na sita, akiimba huko juu, vibaya, Mungu amrehemu, na hata siku moja asipande kuangalia. Wewe, mwanangu, unataka kupanda kuangalia?"

"Mjomba nawe! Niangalie nini?"

"Kama unataka, sema."

"Sitaki."

Baciccia akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja. Delfina alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akijilaani kwa kila kidato.

Jumatano mvua ikanyesha. Delfina aliwashukuru watakatifu wote anaowajua kwa majina na wengine kwa kubahatisha. Chokaa haipakwi kwenye ukuta uliolowa. Mvua ingeendelea mpaka Alhamisi, wachaguzi wangekuta jicho bovu, basi, hakuna aliyewahi kufa kwa jicho bovu la ukutani. Alilala kitandani mchana kutwa akisikiliza mabati ya banda. Jioni mvua ikakata. Alhamisi jua likachomoza safi, bila aibu.

Saa mbili asubuhi alikuwa chini ya nyumba ya Olivari na ndoo zake mbili, ya kijani na ya kijivu. Kamba ilikuwa tayari inaning'inia kutoka darini. Nusu ya kijiji ilikuwa gatini inafagia, na nusu nyingine inaiambia ile ya kwanza jinsi ya kufagia.

"Jamani, uso wake mweupe kupita unga wangu!" Colomba akapaza sauti. "Delfina, jipake rangi wewe kwanza, ukuta utasubiri!"

Delfina alitaka kusema ana homa. Mdomo ulifunguka. Ila hapakuwa na mkono mwingine wa kuchora dirisha lile kijijini kote, na watu wote walikuwa wanamwangalia, na juu kidirisha cha dari kilikuwa wazi.

"Nyumba imekushika!"

Sauti ilichelewa, au ni masikio yake. Haikufuatwa na kichwa. Kwa kawaida Baciccia hutoa kichwa na kupunga kofia.

"Nami naiamini nyumba," akajibu. Alikalia ubao, akashikiza mkanda, akaanza kujivuta.

Ghorofa ya kwanza miguu yake ilikuwa bado inaamini kuna ardhi. Ya pili, jasho jembamba lilianza kumtiririka mgongoni. Ya tatu alisikia kamba inalia juu yake, mlio mdogo wa katani iliyokazwa, mlio ambao ameusikia maelfu ya mara na leo ulikuwa kama mtu anayesaga meno. Akasimama ghorofa ya nne, mita kumi na mbili juu ya mawe, akachovya brashi. Mkono ulitetemeka hata mstari wa kwanza wa kivuli ukatoka na mawimbi. Akaufuta kwa kidole. Akaanza upya. Alivuta pumzi kidogo kidogo, kana kwamba pumzi nayo ina uzito.

Saa nzima ikapita hivyo. Mbao za kijani za juu zikakamilika. Kizingiti cha jiwe kikatokea, kijivu, kizito, chenye ukingo wa kuegemezea kiwiko; ajabu ya mkono ni kwamba hata ukitetemeka haukumbuki kuchora vibaya kwa muda mrefu. Alikuwa anaanza pazia aliposikia mngurumo wa boti, kisha viatu vya Ornella vinakimbia gatini.

Wachaguzi walikuwa wamefika saa mbili nzima kabla ya wakati. Walikuwa wawili, mama mwenye miwani mikubwa na mpiga picha mwenye ndevu, na walikuwa wametoka Rivasecca mapema, jambo ambalo kwetu lilieleweka mara moja kuwa huko hawakupendezwa, na likasambazwa kwa kunong'onezana.

"Oh, tazama yule pale juu!" mama wa miwani akasema. "Ni sehemu ya maonyesho?"

"Maonyesho gani, mama? Sisi ndivyo tulivyo kila siku," Ornella akadanganya kwa tabasamu.

Hapo ndipo kamba ilipoachia.

Haikuachia yote. Darini kulisikika kitu kinakwaruza, na ubao ukaporomoka urefu wa mkono, ukasimama kwa kishindo kilichomgonganisha Delfina meno. Ndoo ya kijani iliondoka ikaenda zake, ikapasuka gatini. Delfina alirusha mikono yote miwili akakamata kizingiti.

Kizingiti hakikuwapo. Kilikuwa rangi, aliyoipaka yeye, mbichi bado. Vidole viligonga ukuta laini na kuteleza chini vikiacha michirizi kumi ya kijivu. Akajirusha kushoto kwenye mbao za dirisha la jirani, akili yote ikiwa imeshazishika kabla ya mkono. Zile zilichorwa na baba yake. Ukuta. Akakwangua kulia. Ukuta. Miaka thelathini na mitatu aliwadanganya mabaharia, wageni na njiwa, na sasa kwa uhai wake alikuwa anabisha hodi kwenye madirisha ya uongo, moja baada ya jingine, na alikuwa anayaamini.

Chini wakapiga makofi. Kamera ikalia mara tatu.

Delfina alitulia, shavu limegandamana na pazia lililolowa. Alijua akinyamaza ataheshimiwa na kila mtu, na kanisa litajaa mazishini.

"Mjomba!" akaita. "Mjomba Baciccia! Nyumba imenishika?"

Hakuna mchoraji aliyewahi kuuliza hivyo Calapiana. Makofi yakakatika kama yamefungwa bomba. Fagio la mtu likaanguka.

"Imekushika," sauti nyembamba ikajibu kutoka darini, na papo hapo kamba ikashuka upana wa vidole viwili.

"Uongo!" Delfina alipiga ukelele, na machozi yakatoka pamoja na neno. "Mjomba, nilikuona Jumatatu na mashua! Mikono yako imesahau. Niliona, nikanyamaza. Naogopa! Naogopa kufa, Mjomba!"

Gatini watu wakainua nyuso kuelekea kidirisha cha dari.

"Hata mimi naogopa," Baciccia akasema. Hakupaza sauti, lakini gati zima lilimsikia. "Fundo limenikataa tangu alfajiri. Nimejizungushia kamba kiunoni. Usitikisike, mwanangu. Ukitikisika unanivuta."

Delfina alikuwa anadhani ameshaifikia hofu yote iliyopo. Kumbe ilikuwa na ghorofa nyingine. Alikiwaza kidirisha kile cha dari, kilivyo kidogo, akajipa moyo kwamba mwili wa mzee hauwezi kupita hapo; kisha akawaza maana ya kutopita, kamba ikivutwa na uzito wake yeye akianguka mita kumi na mbili, akafumba macho.

Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Colomba. "Mnatumbua macho tu, nyie mapipa!" akawafokea wavuvi wawili waliokuwa karibu naye. "Juu! Juu, nasema!" Na yeye mwenyewe akakimbia, mwanamke ambaye kwa miaka mingi magoti yamemzuia kwenda misa, akaingia mlango wa Olivari aproni ikipepea. Delfina alisikia viatu vyao ndani ya ukuta, vinapanda, vinampita, upande wa pili wa dirisha asiloweza kulifungua. Akahesabu vidato. Akapoteza hesabu. Kamba ikashuka tena, ukucha mmoja. Akajikuta anaimba wimbo wa baba yake, vibaya vilevile, bila maneno.

"Tumeshika!" Colomba akabweka kutoka darini. "Delfina! Tuko watatu na tumeifunga kamba kwenye boriti! Shuka, mama, shuka!"

Alishuka. Kamba ya kapi ilimchoma viganja na hakuisikia. Mawe ya gati yalipomgusa nyayo, akakaa kwenye dimbwi la rangi yake ya kijani. Mama wa miwani alikuwa wa kwanza kumwinamia, uso umempauka.

"Samahani sana, mama. Mimi nilidhani... Lakini yale madirisha uliyokuwa unayashika, si ya kweli?"

"Yasiyonishika ndiyo kazi yangu," Delfina akamjibu.

Kwa faida ya wanaopenda kujua, gazeti lilichagua kile kijiji cha tatu, ambacho sasa jina lake tunalijua vizuri na hatulitaji. Kwa kuwa Rivasecca nao walikosa, Calapiana ilipokea habari hizo kwa utulivu mkubwa.

Ila siku ile Delfina hakungoja kusikia Ornella anavyowabembeleza wageni. Alisimama kwa kushika ukuta, akaingia mlango wa nyumba ya Olivari. Watu wakampisha. Kila mmoja alijua anakokwenda. Ngazi zilimtisha kuliko kamba, maana kwenye kamba ungeweza kufumba macho, na huku alikuwa anakwenda kumtazama mtu usoni.

Darini Colomba alikuwa amekaa sakafuni anahema kama mvukuto wa mhunzi. Wavuvi wawili walisimama kando, kofia mikononi. Baciccia alikuwa amepiga goti moja mbele ya boriti, mguu mwingine umeikanyaga, viganja vimechubuka. Kwenye boriti kulikuwa na fundo la wavuvi, jipya. Chini yake mizunguko mitatu ya zamani, mitupu, haikufungwa popote. Toka hapo kamba ilikwenda kiunoni kwake, ikamzunguka mara tatu, imelikata shati na kuzama nyamani.

"Hataki tumguse," mmoja wa wavuvi akasema kwa sauti ya chini.

Mzee hakuinua kichwa. "Umekuja kukagua."

"Nimekuja kukagua, Mjomba."

"Basi kagua."

Delfina akapiga magoti. Akaikagua boriti, akaikagua mizunguko, akakikagua kiuno chenye damu, polepole, hakuacha kitu.

"Hamna fundo," Delfina akasema.

"Hamna," mzee akakubali, na mabega yakamshuka. "Nifungue. Mimi siwezi."

Alianza na mzunguko wa juu. Vidole vyake, vya kijani na kijivu, vilikuwa bado vinaruka. Kamba ilikuwa imekazwa na uzito wa Delfina mwenyewe kwa saa nzima, na kila alipoipata ilimponyoka. Baciccia aliinua viwiko kama mtoto anayevuliwa nguo, akauma meno.

"Unatetemeka," akasema.

"Natetemeka. Kaa sawa."

Akakaa sawa. Mzunguko wa kwanza ukalegea.